Kinyonga Anapoacha Kula: Tafuta Sababu Kabla ya Kutafuta Dawa

Watu wengi wanaoniuliza kuhusu kinyonga aliyegoma kula huanza na chakula: nimpe mdudu gani ambaye hatamkataa? Swali hilo lina haki ya kuulizwa, lakini mahali pake ni pa tatu au pa nne, kwa kuwa hamu ya kinyonga hufuata joto la mwili wake, maji, mwanga na utulivu, na mdudu mnono kuliko wote hawezi kumshawishi kinyonga mwenye baridi, kiu au hofu. Utaratibu ninaoufuata mimi ni kuuliza kwanza mambo mawili. Kinyonga huyu ametoka wapi? Na ni kitu gani kimebadilika katika siku kumi zilizopita, iwe ni chumba, hali ya hewa, chakula, au jirani aliyepuliza dawa ya mbu?

Jambo moja la kisheria litangulie. Vinyonga wa Uganda ni wanyamapori, na kumfuga mmoja wao kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda chini ya Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019. Kumvusha mpakani ni suala jingine tena, kwa kuwa karibu vinyonga wote wamo katika orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini. Nalitaja mapema kwa sababu nimeona wafugaji wanaoogopa kumpeleka mnyama kwa daktari kwa kukosa karatasi, na mnyama huyo akaendelea kudhoofika nyumbani.

Je, kweli ameacha kula?

Kinyonga aliyekomaa hahitaji kula kila siku. Wadudu wanne au watano wa ukubwa wa kadiri, kila baada ya siku moja, humtosha, na yule aliyejishibisha kumbikumbi katika jioni moja ya mvua asitazamiwe kula kesho yake, na pengine hata keshokutwa. Kinyonga mchanga ni habari nyingine kabisa: anakua haraka, hana akiba ya mafuta, na anapaswa kula kila siku, mara nyingi zaidi ya mara moja. Ndiyo maana mkubwa mwenye mwili mzuri anaweza kukaa wiki nzima bila kula asidhurike, ilhali mtoto wa miezi miwili aliyekataa chakula kwa siku mbili achukuliwe kuwa mgonjwa mpaka ithibitike vinginevyo.

Zipo pia siku ambazo kukataa chakula ni kawaida. Anapojivua ngozi, ambapo hupauka kisha ngozi ikaanza kubanduka vipande vipande, huweza kukaa siku moja au mbili bila hamu. Dume aliyemwona jike huacha kula kwa sababu mawazo yake yako kwingine. Aliyehamishiwa kwenye kizimba kipya huweza kukaa siku tatu au nne akichunguza mahali, na kosa kubwa linalofanywa katika siku hizo ni kumsogelea kila saa na panzi mkononi.

Badala ya kukisia, mpime. Mizani ndogo ya kidijitali ya jikoni, inayoonyesha gramu, inatosha: weka kijiti juu yake, irudishe kwenye sifuri, kisha umwache kinyonga apande kijiti mwenyewe. Akiwa mzima, mpime mara moja kwa wiki, asubuhi kabla hajala. Akiacha kula, mpime kila baada ya siku mbili na uandike. Kinyonga wa gramu 80 aliyeshuka hadi gramu 72 amepoteza sehemu ya kumi ya uzito wake, na hapo muda wa kujaribu-jaribu nyumbani umekwisha.

Alikotoka ndiko kunakoeleza joto lake

Sehemu hii nitaikalia kwa muda, kwa kuwa katika nchi yetu ndiyo inayosahaulika zaidi. Uganda ina vinyonga wa hali za hewa zinazotofautiana sana, na kwa macho ya mtu asiyewazoea wote ni vinyonga tu. Wako wa nyanda za chini na savana, kama yule mwenye vipande vya ngozi kama masikio nyuma ya kichwa, Chamaeleo dilepis, na mwenzake mwenye kichwa laini, Chamaeleo laevigatus. Wako wa nyanda za juu: yule mdogo wa bustani na vichaka vya magharibi, Trioceros ellioti, yule mwenye pembe tatu wa Rwenzori na misitu jirani, Trioceros johnstoni, na yule wa Mlima Elgon, Trioceros hoehnelii, ambaye amezoea usiku ambao wewe na mimi tungeuita wa kuganda.

Kinyonga wa savana anahitaji tawi moja lenye joto la nyuzi 30 hadi 32 za Selsiasi ambapo ataota asubuhi, na sehemu nyingine za kizimba zikae kati ya 24 na 28. Wa nyanda za juu anahitaji tawi la kuotea lisilozidi nyuzi 28, mchana wa nyuzi 20 hadi 25, na usiku wenye baridi ya kweli, wa nyuzi 10 hadi 16. Sasa fikiria nyumba ya Kampala iliyoezekwa kwa mabati bila dari. Mji huo uko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, nje ni pazuri, lakini ndani, saa nane mchana, joto chini ya mabati hupita nyuzi 32 bila taabu. Kinyonga wa savana ataivumilia saa hiyo kwa kujificha kwenye majani. Wa nyanda za juu, kama wa Kabale kusini-magharibi, atapauka, atafungua kinywa akihema, atashuka kutoka kwenye tawi hadi sakafuni akitafuta ubaridi, na baada ya siku kadhaa za namna hiyo hatakula hata jioni.

Niliwahi kuombwa kumwangalia ellioti jike aliyeletwa kutoka Kabale kwa basi, ndani ya kavera, yaani mfuko wa plastiki, lililotobolewa matundu, naye alikuwa na siku tisa bila kula. Wenyeji wake walikuwa wamemjaribu kwa panzi, nzi, mende, hata kipande cha ndizi, ambacho sijui kilitarajiwa kufanya nini. Kizimba kilikuwa kimewekwa juu ya friji, mahali ambapo watoto wasingekifikia. Nilipoweka mkono pale usiku nikakuta pana uvuguvugu, kwa kuwa joto la mitambo ya nyuma ya friji lilipanda usiku kucha. Mnyama aliyezaliwa mahali pa baridi alikuwa hapati hata saa moja ya ubaridi. Tulikihamishia kizimba barazani, upande wa kivuli, tukanyunyiza maji jioni na alfajiri, na hatukumpa mdudu yeyote siku ya kwanza. Asubuhi ya tatu alipiga ulimi kwa nzi aliyejipitia zake.

Upande wa pili wa tatizo hilohilo ni baridi. Kinyonga wa savana aliyepelekwa nyanda za juu, au aliyewekwa sebuleni Kampala katika wiki za mvua ambazo jua halionekani, hapati joto la kumeng'enya chakula. Hapa kuna mtego unaowanasa hata wazoefu. Ulimi wa kinyonga hurushwa kwa nguvu iliyohifadhiwa katika tishu zinazovutika, kama kombeo lililovutwa na kuachiliwa, na kwa sababu hiyo huweza kuruka vizuri hata asubuhi ya baridi wakati misuli mingine ya mwili ni mizito. Mfugaji akiona panzi amenaswa husema joto si tatizo. Lakini tumbo halina kombeo. Mdudu aliyemezwa na kinyonga mwenye baridi hukaa bila kusagwa, huanza kuoza, na kinyonga humtapika au hukataa chakula kinachofuata.

Kwa hiyo usikisie joto kwa ngozi yako. Nunua kipimajoto, kifunge kwenye tawi analokaa mwenyewe wala si ukutani, na usome mara tatu kwa siku: saa moja asubuhi, saa nane mchana na saa tatu usiku. Siku mbili za namba hizo zitakuambia mengi kuliko maelezo ya muuzaji. Tazama pia rangi yake: kinyonga mweusi aliyejibapa ubavu kuelekea jua saa mbili asubuhi anafanya kazi yake ya kawaida, lakini aliye mweusi hivyo hadi alasiri ana baridi, ana hofu au ni mgonjwa. Mwenye kutumia balbu ya joto akumbuke kwamba umeme hukatika, na kwamba mnyama aliyepata joto Jumatatu akalikosa Jumanne na Jumatano si ajabu akikataa chakula Alhamisi.

Kiu hutangulia njaa

Kinyonga hatambui maji yaliyotulia. Bakuli safi lililojaa maji linaweza kukaa kizimbani wiki nzima huku mnyama akikauka pembeni yake, kwa sababu kwa maumbile yake hunywa matone: umande na mvua iliyoning'inia kwenye majani. Katika miezi ya kiangazi, hasa Desemba hadi Februari na tena Juni na Julai, hili ndilo la kwanza ninaloliangalia baada ya joto.

Dalili ziko wazi ukizijua. Macho, ambayo kwa kawaida hujaa na kuchomoza kama vibanda viwili vidogo, hudidimia. Ngozi ya ubavuni ikibanwa taratibu hubaki na mkunjo. Na kinyesi husema kuliko vyote: pamoja na sehemu ya kahawia kuna sehemu ngumu ambayo kwa mnyama anayekunywa vya kutosha ni nyeupe, na kwa mwenye kiu huwa ya njano, kisha ya rangi ya chungwa.

Nyunyiza majani ya kizimbani asubuhi na jioni kwa dakika mbili au tatu kila mara, si mpulizo mmoja wa haraka, kwa kuwa wengi wao huanza kunywa baada ya kuhakikisha kwamba mvua hiyo ni ya kweli. Katikati ya mchana, tundika juu ya kizimba chupa ya maji uliyoitoboa kwa pini, ili tone moja moja lidondokee jani, na uweke chombo chini. Kizimba kiwe na uwazi wa kutosha wa kukauka kati ya mnyunyizo mmoja na mwingine, maana unyevu usiokauka huleta magonjwa ya kifua na ukungu. Kinyonga mwenye kiu kali atakunywa kwanza, na huenda asile mpaka kesho yake. Usimsindilie maji kwa bomba la sindano akiwa ameinua kichwa, kwani njia ya hewa iko karibu sana na ulimi na maji huingia mapafuni kirahisi.

Anamwona mdudu lakini hampati

Hii ni hali tofauti na kukosa hamu, na watu huichanganya nayo. Kinyonga huyu anataka kula: anamkazia mdudu macho yote mawili, anajongea, anafungua kinywa, ncha ya ulimi inachungulia, kisha mambo yanaharibika. Mtazame kwa makini mahali hasa yanapoharibikia.

Ikiwa ulimi unatoka kifupi, au anafungua kinywa na kusita mara nyingi, tazama mikono yake. Mikono iliyopinda, mshiko uliolegea, kutetemeka anapotembea, taya linalobonyea au lisilofunga sawasawa: hizo ni dalili za mifupa iliyokosa kalsiamu, na misuli inayourusha ulimi hudhoofika pamoja na mifupa. Chanzo mara nyingi ni viwili vinavyokwenda pamoja. Wadudu wana fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo, na kinyonga asiyepata mionzi ya urujuanimno (UV) hatengenezi vitamini D3 inayohitajika ili kalsiamu iingie mwilini. Kwa hili, aishiye karibu na ikweta ana bahati ambayo wafugaji wa Ulaya hununua kwa balbu za gharama. Nusu saa ya jua la asubuhi, kizimba kikiwa cha wavu na nusu yake ikiwa na kivuli cha majani, hufanya kazi ambayo balbu nyingi haziifanyi. Jua lipitalo kwenye kioo cha dirisha halisaidii, kwa kuwa kioo huzuia mionzi hiyo. Na sanduku la kioo likiwekwa juani humpika mnyama kabla hujageuka. Mwenye balbu maalumu aibadilishe kwa muda ulioandikwa na mtengenezaji, kwani huendelea kuwaka vizuri machoni petu muda mrefu baada ya mionzi yake kwisha.

Kalsiamu yenyewe hunyunyizwa kama unga juu ya wadudu kabla ya kuwapa. Ukikosa ya dukani, maganda ya mayai yaliyochemshwa, yakakaushwa na kusagwa mpaka yawe laini kama unga wa mahindi, yanafaa. Lakini kinyonga ambaye mifupa imekwisha kupinda hatatibiwa na maganda ya mayai. Huyo anahitaji daktari, na asishikwe ovyo maana mifupa yake huvunjika kirahisi.

Ikiwa ulimi unafika kwa mdudu, unamgusa, lakini haumshiki, fikiria kwanza upungufu wa maji, kisha upungufu wa vitamini A, ambao hupunguza unato wa ncha ya ulimi na mara nyingi huja na kope zilizovimba au macho yenye uchafu. Usikimbilie kumpa matone ya vitamini A ya binadamu, kwa kuwa ikizidi ni sumu. Ikiwa ulimi umetoka na haurudi, unaning'inia, hiyo ni dharura: uloweshe kwa maji safi usikauke, mtoe kwenye matawi asije akaukanyaga au kuunasa, na umpeleke kwa daktari siku hiyohiyo.

Na ikiwa hafungui kinywa kabisa, au anakifungua upande mmoja, tazama ukingo wa midomo kwenye mwanga mzuri. Uvimbe, wekundu, au vitu vyeupe-njano kama jibini kwenye ufizi ni uambukizi wa kinywa. Mara nyingi huanza na jeraha dogo, kama la pua iliyosuguliwa kwenye wavu wa chuma kila siku, au mwiba wa mguu wa panzi. Hakuna dawa ya nyumbani ninayoweza kuipendekeza kwa hilo.

Macho yaliyofungwa mchana

Kinyonga mzima hafungi macho mchana, isipokuwa kwa muda mfupi anapoyasafisha, ambapo utaona mboni ikizungushwa na kope ikivimba na kurudi. Anayelala saa sita mchana, macho yote mawili yakiwa yamefungwa, ni mgonjwa, na kukataa kwake chakula ni matokeo tu. Jicho moja lililofungwa lina uwezekano mkubwa wa kuwa na jeraha au takataka. Jaribu mnyunyizo mrefu wa maji ya uvuguvugu mdogo kwa siku moja, na lisipofunguka usingoje siku ya pili.

Jike anayehangaika

Jike wa savana hutaga mayai ardhini, na katika siku za mwisho kabla ya kutaga huacha kula, hunywa sana, hushuka sakafuni na kuzungukazunguka akichimba pembeni. Anaweza kubeba mayai hata kama hajawahi kuonana na dume, kwa hiyo usiseme haiwezekani. Anachohitaji ni ndoo au beseni lenye mchanga uliochanganywa na udongo, wenye unyevu wa kutosha shimo lisiporomoke, wa kina cha sentimita 20 au zaidi, na faragha. Faragha ndiyo inayokosekana: akikuona unamchungulia huacha shimo, na akiliacha mara kadhaa mayai huweza kukwama. Jike aliyejaa tumbo, asiyekula, aliyekwisha kuchimba akaacha, na sasa amelegea na macho yamedidimia, yuko katika hatari ya kufa ndani ya siku chache.

Ellioti na ndugu zake wengine kadhaa wa milimani hawatagi. Huzaa watoto hai. Kwao beseni la mchanga halina kazi, lakini kupungua kwa hamu kabla ya kuzaa ni kulekule. Johnstoni, japo ni wa milimani, hutaga.

Chakula chenyewe

Sasa ndipo tunafika kwenye mdudu. Kinyonga aliyelishwa aina moja kwa miezi mingi huweza kuichoka kabisa, na huyu utamtambua kwa urahisi kwa sababu ni mwenye nguvu, rangi nzuri, macho yenye kujaa, na humtazama nyenje kisha akageuza uso kama mgeni aliyepewa mlo uleule kwa siku ya tano. Mpe kitu kingine: panzi wa kijani, nzi, nondo, mende waliofugwa, funza wa nzi weusi (black soldier fly) wanaozalishwa kwa ajili ya kuku, ambao pia wana kalsiamu nyingi kuliko wadudu wengine. Mdudu asizidi upana wa kichwa cha kinyonga. Wadudu wa kufugwa walishwe vizuri siku moja kabla, kwa dodo (mchicha), sukuma wiki, majani ya maboga au karoti, kwa kuwa mdudu mwenye tumbo tupu ni ganda tu.

Msimu wa nsenene, yaani senene wanaoliwa, wanaofika kwa wingi hasa Novemba na tena karibu na Aprili na Mei, huleta faida na matatizo kwa pamoja. Nsenene wa kijani uliyemkamata mwenyewe bustanini ni mlo mzuri, ukimwondoa miguu ya nyuma yenye miiba. Wa gunia la sokoni ni jambo jingine, maana wamenaswa kwa taa kali na mapipa, mara nyingi kwa moshi, wamebanana usiku kucha na wengi wamekufa. Waliokaangwa na vitunguu na chumvi waache wabaki kuwa chakula chako. Tena ni wanono sana, na kinyonga aliyejazwa nsenene kwa wiki mbili hukataa kila kitu kingine msimu ukiisha. Huyo hana ugonjwa. Mwache na njaa kidogo, ukimpa nyenje mmoja kila baada ya siku mbili, naye atarudi.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni sumu. Wadudu wanaokamatwa karibu na mashamba ya nyanya au kabichi, au ndani ya nyumba iliyopulizwa dawa ya mbu, hubeba dawa hiyo mwilini. Kinyonga aliyekula kisha ndani ya saa chache akatetemeka, akadondosha ute, au akashindwa kushika tawi, apelekwe kwa daktari mara moja, na mdudu mwingine wa kundi lile ahifadhiwe kwenye chupa. Vimulimuli usimpe kamwe, kwa kuwa wamo wenye kemikali zinazoua mijusi hata kwa mdudu mmoja.

Hofu

Kinyonga ni mpweke kwa asili. Wawili katika kizimba kimoja, hata kama hawapigani, mmoja hula na mwingine hukonda, na kuwatenganisha bila kuwazibia macho ni nusu ya kazi. Kioo cha kabati kinachomrudishia sura yake kina athari ileile. Paka anayekaa chini ya kizimba, redio kubwa, wageni wanaoletwa kumtazama akibadilisha rangi, watoto wanaomtoa kila wanaporudi shuleni: yote hayo humfunga kinywa. Katika nyumba nyingi kuna pia shangazi au jirani anayeamini kwamba kinyonga ana sumu au mkosi, na ambaye hupiga ukelele kila anapopita. Kinyonga hana sumu yoyote, lakini kelele hizo humfikia.

Tiba ni kuinua kizimba ili mnyama akae juu ya usawa wa kichwa cha mtu, kufunika pande tatu kwa majani au kitambaa, na kumwacha. Wadudu wawekwe kwenye kikombe kilichofungwa tawini, kisha uondoke. Jioni waliobaki uwatoe, kwa kuwa nyenje wenye njaa humng'ata kinyonga aliyelala, na kinyonga aliyeng'atwa huwaogopa nyenje. Miguu ya meza ya kizimba isimame ndani ya makopo yenye maji, maana siafu wakiingia usiku hutaona kinyonga asubuhi, utaona mabaki.

Minyoo, kifua na daktari

Ukishahakikisha joto, maji, mwanga na utulivu, na siku tano zimepita bila mabadiliko, fikiria yaliyo ndani. Karibu kila kinyonga aliyetoka porini ana minyoo. Akiwa na nguvu huishi nayo, akidhoofishwa na safari na hofu minyoo humshinda. Kinyesi chenye maji, chenye harufu kali kuliko kawaida, au mnyama anayekonda huku akila, huelekeza huko. Kuhema kinywa wazi wakati hakuna joto, mlio wa kupasuka-pasuka anapovuta pumzi, ute puani na kichwa kilichoinuliwa juu muda wote ni dalili za mapafu.

Usimpe dawa ya minyoo ya mbuzi kwa kukadiria. Kinyonga wa gramu 60 hahitaji hata tone zima la dawa iliyotengenezwa kwa mnyama wa kilo 30, na baadhi ya dawa hizo huwadhuru reptilia hata kwa kipimo kinachoonekana kidogo. Tafuta daktari wa mifugo aliyewahi kushughulikia reptilia. Ukikosa, Chuo cha tiba ya mifugo cha Makerere ni mahali pa kuanzia kuulizia. Nenda na kinyesi cha siku hiyo ndani ya chombo safi kilichofungwa kisikauke, orodha ya uzito, namba za kipimajoto, na maelezo ya vyakula vya mwezi uliopita. Msafirishe ndani ya kikapu au boksi lenye kijiti cha kushika na matundu ya hewa, gizani. Usimbebe kwenye boda boda kwa kavera.

Kuhusu kumlisha kwa nguvu, msimamo wangu ni huu: usifanye mpaka daktari akuonyeshe. Taya huvunjika, chakula huingia mapafuni, na mnyama mwenye baridi au kiu hawezi kumeng'enya kilichosukumwa kooni mwake, hivyo unaongeza tatizo la pili juu ya lile ambalo hujalijua.

Atakapoanza kula tena, anza na wadudu wadogo na laini, nusu ya idadi aliyozoea, siku moja apewe na siku moja aachwe. Kinyesi cha kwanza baada ya mlo wa kwanza, ambacho kwa kawaida hutoka ndani ya siku chache joto likiwa sawa, ndicho kitakachoonyesha kwamba tumbo limerudi kazini, na mpaka kitoke usiizidishe idadi hiyo hata kwa mdudu mmoja.